Nadharia ya mchezo: maana yake, kuanzia bao hadi nauli ya mashua

Jina lenyewe limewapotosha wengi. Mtu akisikia "nadharia ya mchezo" hudhani ni elimu ya burudani, ilhali mchezo unaokusudiwa ni hali yoyote ambamo yatakayonipata yanategemea uamuzi wangu pamoja na uamuzi wa mwingine, ambaye naye anapiga hesabu huku akinitazama. Mvuvi wa Lamu anayekisia kama bahari itachafuka hachezi na mtu, kwa kuwa upepo wa kusi haumjui wala haumjali. Lakini yule anayekisia wenzake watafikisha samaki sokoni saa ngapi, ili yeye asifike bei imeshaanguka, huyo yumo mchezoni.

Kila mchezo wa namna hii una wachezaji, mikakati na malipo, yaani kile anachokipata kila mmoja mwishoni. Neno linalohitaji uangalifu ni mkakati. Katika bao, ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani lile shimo lake kuu, na 22 za kunamua, yaani za kutiwa ubaoni moja moja. Kuingiza kete moja na kula ni hatua tu. Mkakati ni mpango mzima unaojibu kila linaloweza kutokea: akiigusa nyumba yangu nitafanya hivi, akiiacha nitafanya vile. Ndiyo maana mzee aliyeketi barazani hukaa kimya muda mrefu kabla ya kutia kete, naye mtazamaji asiyejua hudhani amesinzia.

Bao lina sifa nyingine mbili. Kwanza, kila kitu kiko wazi, tofauti na dhumna, ambamo mchezaji hukisia kilichomo mikononi mwa wenzake kutokana na wanachokitupa. Pili, ushindi wangu ni kushindwa kwako, hali inayoitwa mchezo wa jumla sifuri. Ni michezo ya aina hii ya watu wawili ambayo mwanahisabati John von Neumann aliithibitishia kanuni yake mwaka 1928, kwamba kila mchezaji anao mkakati bora wa kujikinga, kabla ya kuandika na mwanauchumi Oskar Morgenstern kitabu kikubwa cha mwaka 1944 kilichoipeleka nadharia hii kwenye uchumi. Kwa maoni yangu bao limetuzoesha vibaya hapa, maana humfanya mtu aamini kwamba katika kila ushindani lazima mmoja ale na mwingine aliwe. Mambo mengi ya maisha hayako hivyo, kwani wote wawili wanaweza kufaidika, na wote wawili wanaweza kuharibikiwa.

Tuseme pana mashua mbili zinazovusha watu kutoka Mokowe hadi mjini Lamu, na asubuhi moja wapo abiria 20. Wenye mashua wote wakitoza shilingi 150, watagawana abiria kumi kumi na kila mmoja atapata 1,500. Mmoja akishusha hadi 100 peke yake, atachukua abiria 18 na kupata 1,800, naye mwenzake atabaki na abiria wawili na shilingi 300. Wote wakishusha, kila mmoja atapata 1,000. Sasa jiweke mahali pa nahodha mmoja. Mwenzako akibaki kwenye 150, kushusha kunakupa 1,800 badala ya 1,500. Akishusha, kushusha kunakupa 1,000 badala ya 300. Lolote afanyalo, wewe ni heri ushushe; na kwa kuwa naye anafikiri vivyo hivyo, wote wanaishia kwenye 1,000 huku 1,500 ikiwatazama. Abiria, bila shaka, hawana malalamiko.

Umbo hili la mchezo hujulikana kama mtanziko wa mfungwa, kutokana na kisa alichokibuni mwanahisabati Albert Tucker mwaka 1950 cha washukiwa wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake, na kila mmoja akishawishika kumsaliti mwenzake. Hali wanamoishia manahodha wetu huitwa msawazo wa Nash, kwa jina la John Nash, aliyeieleza mwaka huohuo wa 1950 na kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Msawazo ni pale ambapo hakuna mchezaji anayeweza kujiboreshea hali kwa kubadili uamuzi wake peke yake. Hausemi kwamba hali hiyo ni njema wala ya haki. Unasema tu kwamba hakuna atakayetoka humo peke yake.

Mchezo mmoja unaweza kuwa na misawazo zaidi ya mmoja. Vyombo viwili vikikutana kwenye mkondo mwembamba wa Mkanda, kila kimoja kikishika kulia kwake vitapishana salama, na vyote vikishika kushoto vitapishana salama vilevile. Balaa ni kila nahodha kuwa na lake. Kanuni za bahari zilichagua kulia. Barabara za Kenya zilichagua kushoto, na hakuna ajabu, kwa kuwa kinachohitajika ni kila mmoja kujua mwenzake anatarajia nini.

Turudi Mokowe, kwa sababu manahodha hawakutani mara moja wakaachana. Mchezo unaporudiwa kila siku, aliyeshusha leo anaweza kulipizwa kesho. Katika mashindano aliyoyaandaa mtaalamu wa siasa Robert Axelrod, ya programu za kompyuta zilizocheza mtanziko wa mfungwa kwa kurudiarudia, programu iliyoshinda ilikuwa fupi mno, nayo ililetwa na Anatol Rapoport: ilianza kwa kushirikiana, kisha ikawa inarudia alichofanya mwenzake mara iliyopita. Ni jino kwa jino, ila si yenyewe iliyoanza kung'oa. Kwa hesabu hiyo manahodha wanaweza kushikilia 150, au kupeana zamu, bila kuandikiana mkataba wowote, mradi kila mmoja anaamini kwamba kesho wataonana tena. Ndiyo maana nahodha anayejulikana kuwa ataiuza mashua yake mwisho wa mwezi, wenzake huanza kumtazama kwa jicho jingine hata kabla hajashusha nauli.