Eksposha ni nini, na kwa nini mwezi hutoka kama balbu kwenye picha

Usiku wa kumi na nne, ukikaa ufukoni mwa mji wa Lamu mara tu baada ya Magharibi, mwezi huchomoza mbele yako upande wa kisiwa cha Manda, mwekundu kama chungwa lililoiva, na mkondo mzima ukang'aa. Kila mtu hutoa simu. Na karibu kila simu hutoa picha ile ile: doa jeupe lisilo na kitu ndani, kama balbu kwenye chumba cha giza. Mpwa wangu alinionyesha ya kwake pale gatini akasikitika, "Mjomba, kamera ya simu hii mbovu." Haikuwa mbovu. Kilichokosewa ni eksposha.

Eksposha ni jumla ya mwanga ambao kamera inaukusanya kwa picha moja. Fikiria chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, kiza totoro, chenye dirisha moja. Mwanga utakaoingia unategemea umelifungua dirisha kwa upana gani, na umeliacha wazi kwa muda gani. Upana ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f na namba. Wengi huchanganyikiwa hapa kwa sababu namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/2.8 ni dirisha wazi kabisa, f/11 ni upenyo. Muda ni spidi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Kisha kuna ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga ulioingia; yenyewe haiingizi mwanga wowote. Hiyo ni sawa na kuongeza sauti ya redio yenye mkwaruzo: maneno yanasikika zaidi, na mkwaruzo nao unapanda. Kwenye picha mkwaruzo huo ni punjepunje zinazojaa sehemu za giza.

Sasa jambo ambalo likikuingia, mengine yote yanakuwa mepesi: mwezi unaouona usiku uko kwenye mchana. Hauna mwanga wake. Ni mawe na vumbi linalopigwa na jua kali, lile lile linalopiga mchanga wa ufuo wa Shela, jirani na mji, saa sita mchana. Anayepiga picha Shela wakati huo hafungui shata kwa sekunde nzima, na mwezi nao hautaki hivyo. Kwa mwezi mpevu ulio juu, wapiga picha huanzia f/11, ISO 100 na shata ya sehemu ya 1/100 ya sekunde, kisha hurekebisha kidogo. Hilali inahitaji mwanga zaidi, na mwezi mwekundu ulio karibu na upeo wa macho vilevile, kwa kuwa hewa na vumbi vimeupunguza.

Simu haijui haya. Inatazama picha nzima, inaona kiza kimetawala, inaamua kuongeza mwanga, na mwezi unaungua. Hali ya usiku ya simu huzidisha kosa hilohilo. Kwa hiyo izime. Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kialama cha jua chini, na chini tena, mpaka uone madoa ya kijivu usoni mwa mwezi. Simu zinatofautiana kidogo, lakini nyingi zina kitelezo hicho. Mpwa wangu alifanya hivyo, madoa yakatokea, akafurahi. Halafu akatazama sehemu ya chini ya picha. Bahari ilikuwa nyeusi tii, na mashua zote zimepotea.

Hapo ndipo ilipo maana halisi ya eksposha: ni kuchagua. Picha ya nyota inaonyesha hivyo vizuri zaidi. Kwa nyota unafungua tundu mpaka f/2.8, unaacha shata wazi sekunde 20, unapandisha ISO hadi 3200. Linganisha na mwezi kwa f/8, ISO 100 na sehemu ya 1/125 ya sekunde. Zidisha tofauti zote tatu: ya nyota imepewa mwanga na nguvu zaidi ya mara laki sita. Hakuna picha moja itakayobeba vyote viwili. Ndiyo sababu picha zilizopigwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11, Julai 1969, zina anga nyeusi isiyo na nyota. Wako watu wanaodai huo ni ushahidi wa udanganyifu, nami naona ni kinyume chake: kamera zilipangwa kwa mchana, kwa sababu pale palikuwa mchana.

Basi nyota zitafute usiku usio na mwezi. Wavuvi hawahitaji kalenda kwa hili, wanaujua kwa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi; ila bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka. Wewe unataka ile ya kuandama. Toka mjini, nenda ufuo wa Shela mpaka taa zibaki nyuma yako. Kamera iwe kwenye stendi na upige kwa taima, maana kidole tu kinatosha kuitikisa. Fokasi ya otomatiki haioni kitu gizani, kwa hiyo kuza nyota moja angavu kwenye kioo na uzungushe lenzi kwa mkono mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Futa lenzi mara kwa mara. Unyevu wa chumvi hauonekani mpaka picha itoke na ukungu.

Sekunde 20 zinatokana na hesabu rahisi: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya milimita 24 inakupa kama 20. Ukizidisha, nyota zinakuwa vistari kwa sababu dunia inazunguka. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo tu kusini mwa ikweta, na huku nyota zinazopita utosini ndizo zinazokimbia kuliko zote, hivyo mimi huanzia 15. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, karibu na kundi la nyota la Nge, hukaa vizuri jioni za Julai na Agosti, nayo ni miezi ya kusi. Upepo huo huangusha stendi. Jaza mfuko mchanga uutundike katikati ya miguu yake.

Na mpwa wangu aliyetaka mwezi pamoja na mashua? Kwake yeye dawa ni saa. Mwezi huchelewa kuchomoza takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku moja kabla haujapevuka huchomoza jua likiwa bado halijatua. Nilimwambia aje ufukoni baada ya Alasiri siku hiyo. Jua linakuwa nyuma ya mji, likiangaza matanga. Mwezi uko upande wa pili, juu ya Manda, na anga bado ina rangi. Kwa dakika chache karibu na adhana ya Magharibi, mwanga wa mwezi na wa mashua unakaribiana, na eksposha moja inatosha vyote.