"Mzee ana namba": tunavyodhani kuhusu nukuu za wanasayansi, na zilivyo

Mpwa wangu anasoma biolojia ya molekuli, mwaka wa tatu. Juzi kaja likizo hapa Uyole, Mbeya, na hata shikamoo haijapoa akanionyesha kwenye simu ukurasa wa mhadhiri wake: machapisho, nukuu (yaani mara ngapi makala zake zimetajwa na makala za wengine), na kile kipimo kiitwacho h, kinachounganisha hivyo viwili kuwa namba moja. "Mjomba, huyu mzee ana namba." Mimi maabara nimezeekea humo. Nikamwambia tuzimenye kwanza.

Dhana: h kubwa, ugunduzi mkubwa. H ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Palikuwa na ungo wa maharage ya njano unachambuliwa, tukahesabia humo. Kila fungu makala moja, kila punje nukuu moja: 20, 9, 4, 3, 1. Fungu la kwanza lina angalau punje moja? Lina. La pili lina mbili? Lina. La tatu linataka tatu, linazo nne. La nne linataka nne, linazo tatu, tumekwama. H ni 3: makala tatu, kila moja na nukuu tatu au zaidi. Kisha nikamwaga kiganja kizima kwenye fungu la kwanza. H ikabaki 3 vilevile! Kwa hiyo makala moja ya kutikisa dunia haiisogezi, ila miaka mingi ya kuchapisha huisogeza, na haishuki kamwe. Frederick Sanger wa Uingereza alichukua Nobel ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, na hakuwa mtu wa kutoa makala kila mwezi.

Na maharage yenyewe? Mkulima anayepanda Njano Uyole, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti hapa hapa, hamnukuu mtafiti popote. Anavuna tu.

Dhana: inayonukuliwa zaidi ndiyo muhimu zaidi. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Inaeleza nini? Namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Ile ya Watson na Crick ya 1953, iliyoonyesha umbo la DNA, haiifikii hata kwa mbali. Kila anayepima protini kwa njia ya Lowry humtaja, kama mpishi anavyotaja sufuria aliyopikia. Umbo la DNA limeshaingia vitabu vya shule, nani tena ahangaike kuandika lilitoka wapi?

Dhana: kunukuliwa ni kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo na usonji, jarida liliifuta 2010. Nukuu zake ni nyingi sana, na nyingi ni za watu wanaoikanusha. Kuna pia wanaojinukuu wenyewe, lakini hao tuwaache.

Dhana: kisichonukuliwa hakina thamani. Hapa nilimtoa mpwa nje, kwenye mahindi yaliyoanikwa, nikamtafutia hindi la madoa, lile ambalo watoto hulibagua. Barbara McClintock wa Marekani alitumia miaka kufuatilia madoa ya namna hiyo, punje kwa punje. Mwaka 1950 akaandika kwamba kuna vipande vya vinasaba vinavyohama mahali kwenye kromosomu. Wenzake wengi hawakumwelewa, na baadaye akapunguza hata kuchapisha. Nobel ilimfikia 1983, ana miaka 81. Kamati ya kupandisha vyeo ingemhesabia nukuu mwaka 1955, sijui angepata nini.

Dhana: impakti fakta ya jarida ni alama ya mwandishi. Ni wastani wa nukuu kwa kila makala ya jarida, basi, na wastani huo mara nyingi hubebwa na makala chache. Azimio la San Francisco la 2012, la wanasayansi kuhusu namna ya kupima utafiti, liliomba wazi isitumike kumpima mtu.

Namba zenyewe pia hutegemea nani anahesabu: kati ya hazina za mtandaoni za makala, Google Scholar hukusanya hadi tasnifu, Scopus huchagua majarida, na mtu yuleyule akapata h mbili.

Mwisho nikamwambia afungue makala zenyewe, aangalie jina la mhadhiri wake limekaa wapi kwenye orodha ya waandishi. Katika fani yetu, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyekesha maabara na pipeti mkononi, wa mwisho ndiye mwenye maabara. Waliotembea vijijini na boksi la barafu kukusanya sampuli, wakibahatika, hukaa katikati. Akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo cha simu: katikati, katikati, mwisho, katikati, kwanza...

"Mjomba, hii ya kwanza ngoja niisome."