Kichezeo kinachoongea hakimfundishi mtoto kuongea

Wiki hii nimeulizwa tena, mara tatu, hapa hapa kwenye atelie yangu ya vichezeo vya mbao, Katindo, mjini Goma: "Fundi, hiki hakiongei? Miye nataka chenye kumufundisha mutoto kuongea." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi najibu wote kwa pamoja.

Dhana: chenye taa na sauti ndicho kinachofundisha lugha.

Si kweli. Mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa. Anasema "ba", mtu anamgeukia, anamwambia "eeh, baba ameenda kazini", kisha ananyamaza kumpa nafasi. Simu ya plastiki haimpi mtu nafasi. Ukiibonyeza inaimba namba kwa Kiingereza, ukirudia inaimba vilevile, mtoto awe amecheka au amelia. Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba inamnyamazisha mzazi. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani, Anna Sosa, alichapisha matokeo ya kurekodi wazazi 26 wakicheza nyumbani na watoto wa miezi 10 hadi 16. Penye vichezeo vya betri, wazazi walisema maneno machache kuliko penye vitofali na vitabu. Watu 26 ni wachache, sawa, lakini mimi hilo naliona kila Jumamosi.

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka miwili, simu ya kuimba mkononi. Mtoto anabonyeza, mama anatazama WhatsApp, hakuna aliyesema neno. Nikamwekea mtoto sanduku langu la mkaratusi lenye matundu matatu: duara, mraba, pembetatu. Akaikandamiza pembetatu kwenye tundu la mraba. Mama akaweka simu yake chini. "Hapana, geuza. Geuza tena! Ule upande mwingine... aah, imeingia!" Mtoto naye: "Ingia!" Sanduku halikusema kitu, na mimi nililitengeneza makusudi liwe hivyo. Hata matundu nimeyabana kidogo, ili mtoto akwame na amtafute mtu.

Dhana: herufi zikianza mapema, mtoto atakuwa na akili.

Kila mteja ananiomba niandike A B C kwenye vitofali vya mtoto wa mwaka mmoja, ambaye kazi yake ni kuvitafuna. Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa vitofali vya mbao tupu. Mtoto atajua kwanza kwamba kirefu hakisimami juu ya chembamba. Herufi zitamkuta.

Dhana: kichezeo kidogo ni salama, kwa sababu mtoto ni mdogo.

Kinyume chake kabisa! Nina kipande cha bomba chenye upana wa milimita 31.7, kipimo cha viwango vya usalama vya Ulaya na Marekani. Chochote kinachozama chote humo hakimfai mtoto chini ya miaka mitatu, maana kitamkaba. Na zile betri bapa kama kifungo cha shati zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, usingoje kesho, mkimbize hospitali.

Dhana: cha kutengenezwa hapa ni cha maskini.

Mji huu umeisimamishia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma isiyo na pedali, sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, halafu mzazi anaona haya mwanawe akisukuma ya kwake ndogo. Mtoto anayeshuka na chukudu kwenye mawe ya volkano anajifunza mizani na breki, na gurudumu likichomoka anajifunza kurudisha msumari. Mimi nampa msumari bure.

Yule mama alirudi juzi kununua sanduku. Betri za simu zimekwisha, akaniambia, na sasa mtoto anaiweka sikioni mchana kutwa: "Alo? Tate? Alo?"