Sakafu ya hema la kambini: anzia chini yake

Kila mwaka Julai ikikaribia simu yangu huanza kulia, na swali huwa lile lile: "Fundi, niweke mbao au turubai?" Nami huwa sijibu mpaka niulize langu: hapo unapojenga, udongo ni wa aina gani? Wengi hunyamaza kidogo, kisha wananitajia rangi ya hema.

Kazi yangu ni kusimamisha kambi za uwindaji na kuzibomoa. Nimeifanya zaidi upande wa Rungwa, pori la akiba katikati ya Tanzania, kwenye misitu ya miombo. Kambi hizi hazijengwi zidumu. Msimu unafunguliwa Julai mosi, na mvua zikishaanza kukata njia kila kitu kinapandishwa kwenye Fuso na kurudi mjini. Kwa hiyo sakafu ya saruji tuisahau. Hema ninalolizungumzia hapa ni lile la turubai la pamba lenye kuta zilizosimama wima, mita 4 kwa 5, lenye baraza mbele na bafu nyuma. Mgeni wa safari ya siku 21 analala humo wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo kila kosa la sakafu atalijua kwa nyayo zake.

Mimi huchagua sakafu kwa upande wa chini. Upande wa juu kila mtu anauona, na picha zake zinapendeza. Ninachotaka kujua ni kama nitaweza kuiinua, saa yoyote, nione kinachoendelea huko chini. Sakafu nisiyoweza kuiinua siitaki, hata ukinipa bure.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyonifundisha kazi. Msimu wangu wa kwanza nilitandika plastiki kubwa ndani ya hema, na kwa kuona ubahili kuikata, nikaiacha itokeze nje ya kuta kama shubiri moja kila upande. Ilionekana nadhifu. Mwishoni mwa Novemba ikapiga mvua usiku. Sasa piga hesabu: paa la hema kama hili linafunika mita za mraba 20, na mvua ya milimita 10 tu, mvua ya kawaida kabisa, inakuwa lita 200. Pipa zima, linamwagika kwenye kingo mbili za paa. Maji yote yale yalitua juu ya ile shubiri yangu ya plastiki, yakateleza chini ya ukuta, yakaingia ndani. Alfajiri mgeni alishusha mguu kitandani akakuta viatu vyake vinaelea.

Mzee aliyekuwa msimamizi wa kambi alichungulia mlangoni, akaangalia, akasema, "Kijana, maji umeyatandikia kabisa."

Hakugomba. Alipiga magoti akanionyesha. Ukuta wa hema la turubai una pindo la ziada chini, kama upana wa kiganja na zaidi kidogo. Pindo lile linakunjwa kuelekea ndani na kulazwa ardhini. Sakafu inakuja juu ya pindo, na inaishia ndani, vidole viwili kabla ya kugusa ukuta. Maji yakiteremka ukutani yanakuta udongo wa nje na kuzama. Hakuna kinachoyapokea na kuyaleta chumbani. Mfereji wa kuzunguka hema, wenye kina cha sentimeta 15 na njia ya kutokea upande wa mteremko, unamaliza kazi. Tangu siku ile, nikifika kambi ya mtu mwingine jambo la kwanza ninaloangalia ni kama sakafu inatokeza nje. Mara nyingi inatokeza.

Sasa udongo. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinywa maji, usiweke hema juu yake kama una pengine. Lakini najua mwenye kitalu cha uwindaji atataka hema litazame mbuga wanapokuja nyati, na hatakusikiliza. Hapo ndipo mbao zinapostahili: jukwaa lililoinuliwa kwa miguu, kwa sababu udongo huo ukivimba utasukuma chochote kilicholala juu yake. Miguu nayo itasukumwa, mmoja juu, mwingine chini, kwa hiyo weka kabari za mbao unazoweza kugonga au kuchomoa asubuhi kitanda kikianza kuyumba.

Mchanga wa kando ya korongo ni rahisi zaidi. Maji yanazama yenyewe. Shida yake ni miguu ya kitanda kudidimia tu, na kipande cha ubao chini ya kila mguu kinatosha.

Kwenye miombo, udongo wa kichanga mwekundu au wa kijivujivu, adui ni mchwa. Hapa ndipo watu wanapoharibu pesa.

Nieleze gharama ya mbao kwanza, kwa uzito, maana porini uzito ndio pesa. Sakafu ya mita za mraba 20 kwa mbao za inchi moja kwa sita zenye urefu wa futi 12 inakula mbao 36 hivi. Ukitumia paini ya shamba la miti la Sao Hill, hizo ni kama kilo 250, hapo boriti na miguu bado. Kambi ya mahema kumi, tayari umejaza tani mbili na nusu za mbao kwenye gari ambalo lingebeba mafuta, unga na vitanda. Na zitarudi mjini mwisho wa msimu kwa njia mbovu zaidi ya ile zilizojia. Msaji wa mashamba ya Longuza au Mtibwa unadumu, sikatai, ila bei yake utaiona mwenyewe.

Paini bila dawa ni chakula cha mchwa. Niliwahi kuitwa kukagua jukwaa lililokuwa na misimu miwili tu, limepakwa vanishi linang'aa. Nilitembea katikati, nikasikia sauti imebadilika, kama kugonga debe tupu. Nikachomeka kisu kwenye ubao. Kikaingia mpaka kwenye mpini bila nguvu yoyote. Ndani kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamekula ubao wote wakaacha ngozi ya juu, ile yenye vanishi, nene kama kadi. Jukwaa lilikuwa limejengwa chini sana, sentimeta 10 kutoka ardhini, na pembeni limezibwa kwa mbao ili lipendeze. Hakuna aliyewahi kuona chini yake.

Mchwa hapendi mwanga wala hewa kavu, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo kila anapopanda. Hiyo ni habari njema kwako, kwa sababu vijia vinaonekana, mradi miguu ya jukwaa iko wazi. Inua jukwaa sentimeta 40 au zaidi, usizibe pembeni, uweze kuinama upande mmoja ukaona mwanga upande wa pili. Miguu iwe juu ya mawe, na juu ya kila jiwe weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake kwenda chini. Mchwa atalazimika kupitia nje ya bati, na utamwona. Kila Jumamosi mtu apite na fimbo kuvunja vijia. Jumamosi inayofuata ukikuta kijia kimejengwa tena na bado kina unyevu, fuata kinakotoka. Uwazi huo huo unakuondolea na shida nyingine: kifutu hupenda mahali penye giza na pasipoguswa, na chini ya jukwaa lililozibwa pana sifa zote mbili.

Mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani kijani, zinasaidia sana. Lakini nina neno na wapishi. Dawa inayotumika mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki ndani yake. Vipande vinavyobaki baada ya kukata visifike jikoni hata kimoja. Nimeshakuta kipande kimeegeshwa chini ya sufuria ya wali wa wafanyakazi, na mpishi akaniambia kinawaka vizuri. Bila shaka kinawaka vizuri. Aseniki ni sumu, na inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Siku hizi vipande vyote nahesabu, natia kwenye gunia, narudi navyo mjini.

Sasa nije kwenye sakafu ninayoipenda mimi, ambayo haimo kwenye katalogi yoyote: udongo wa kichuguu. Bibi zetu wamesakafia nyumba nao tangu zamani, na ukishashindiliwa na kukauka unakuwa mgumu kiasi kwamba kisigino hakiachi alama. Kijijini wangeusiriba juu kwa samadi. Porini kwenye mbung'o hakuna ng'ombe, kwa hiyo samadi tunaiacha, na sijaona hasara.

Tafuta kichuguu kilichokufa. Ndani ya pori la akiba usichimbe kabla ya kuongea na afisa wanyamapori wa eneo, na usichimbe kabla ya kuangalia matundu, maana ngiri na nyoka nao wanavijua vichuguu vilivyokufa. Chukua ganda la nje, si moyo wake; katikati ndimo mchwa walimokuwa wakiotesha kuvu yao, na udongo wa humo ni laini, una mabaki ya majani. Ponda, chekecha, rundika. Kwa hema letu la mita 4 kwa 5, sakafu ya unene wa sentimeta 10 inahitaji mita za ujazo 2 baada ya kushindiliwa, na ukiwa bado umelegea ni kama 3. Kwa toroli la lita 60, hizo ni safari 50. Vijana wawili, siku moja na nusu, na maneno mengi.

Unyevu ndio siri. Udongo mkavu haushikani, uliolowa sana unapasuka ukikauka. Finya bonge mkononi, nyoosha mkono usawa wa kiuno, liachie. Likivunjika vipande vitatu vinne, anza kazi. Likisambaratika kama unga, ongeza maji. Likitua likabaki bonge, subiri jua. Tandaza nusu, shindilia kwa kisiki chenye mpini mpaka mlio ubadilike kutoka "pu" kuwa "ta", kisha nusu ya pili. Hakikisha uso wa sakafu uko juu ya ardhi ya nje. Halafu funika kwa majani na uache wiki nzima. Ukiacha jua liipige wazi, itapasuka kama mbuga.

Juu yake sasa tandika. Turubai zito la plastiki, la aina wanayofunikia malori, lilegezwe tu bila kushonewa kwenye ukuta. Najua yale mahema yaliyoshonewa sakafu yana faida: zipu ikifungwa nge na nyoka hawana pa kupitia. Kwa kambi ndogo ya siku mbili tatu mimi mwenyewe natumia hilo. Ila kwa msimu mzima, mchanga unaobebwa na viatu unasaga sakafu ile mpaka inatoboka, na ikitoboka unampelekea fundi cherehani hema zima. Isitoshe, unyevu wa ardhini hupanda, unagota kwenye plastiki, unatona chini yake. Usipoiinua na kuikausha kila siku chache utasikia harufu ya kuvu kabla hujaiona.

Mgeni mmoja wa Colorado alinichekesha. Kwao hema kama hili huwa na jiko la kuni ndani, kwa sababu wanawinda kwenye theluji, na sehemu ya kuzunguka jiko wanaiacha udongo mtupu wasije wakaunguza sakafu. Aliigusa sakafu yangu ya kichuguu kwa kidole akaniuliza ni saruji ya aina gani.

Juu ya turubai, watu huniuliza kuhusu mazulia ya katani. Yanapendeza dukani. Katani hunywa maji, ikilowa inatuna na kuacha madoa, na zulia zito hakuna mhudumu atakayelibeba nje kila asubuhi. Weka jamvi la miyaa, au mkeka wa ukindu pembeni ya kitanda. Mchanga unapenya, unabaki chini, mkeka unakung'utwa mara moja na kuanikwa juani. Na ni lazima uanikwe kila siku: niliwahi kuacha jamvi moja siku tatu bila kuliinua, kwenye hema lisilo na mgeni, nikalikuta lina ramani.

Kabla mgeni hajafika, nazunguka usiku na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ule wanaouita UV. Nge hung'aa kijani chini ya mwanga ule, hata akiwa amejikunyata kwenye pindo la ukuta ambapo tochi ya kawaida isingemwonyesha. Inachukua dakika tano kwa hema. Siafu nao hawang'ai, na wao dawa yake ni ile ya zamani, miguu ya kitanda ndani ya makopo ya maji.

Bafu ni fupi kueleza. Chimba shimo la sentimeta 60 au 70, jaza mawe na changarawe, weka juu yake fremu ya vipande vya mbao vyenye nafasi, kama chaga za kitanda. Iweke tu, usiipigilie popote. Mhudumu aiinue kila asubuhi, aisimamishe juani, na achungulie kuna nani amelala chini.

Mwisho wa msimu mbao zote huandikwa namba kabla ya kufunguliwa, ili mwakani kila ubao urudi palepale. Zamani niliandika kwa chaki, ikafutika njiani. Nikaandika kwa rangi, mchwa wakala rangi pamoja na ubao. Sasa natia alama kwa kisu kwenye ncha: chale moja hema la kwanza, mbili la pili. Hema la saba vijana hawalipendi.