Vigae havizuii maji, na mengine tunayoaminishana kuhusu bafu

Bafu la ghorofani kwa dada yangu lilikuwa zuri kiasi kwamba wageni waliomba kulipiga picha: vigae vya kijivu vya sentimita 60 kwa 120, koki nyeusi, kioo kikubwa, taa nyuma ya kioo. Mwaka haukuisha, dari ya sebule chini yake ikaota doa la njano. Fundi alisema grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, imeachia, akaijaza upya. Doa likarudi. Tulipovunja sakafu tukakuta chini ya vigae kuna zege tupu. Tangu hapo, mtu akinionyesha picha ya bafu analotaka kujenga, humuuliza kwanza kuna nini chini yake.

Dhana: vigae vikipangwa vizuri, maji hayapiti.

Kigae cha poseleni chenyewe hunyonya maji kidogo sana, chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Lakini grauti ya simenti hunyonya, na kila pembe na kila tundu la bomba ni mlango. Kinachozuia maji ni utando unaopakwa juu ya zege kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Hupakwa matabaka mawili au zaidi, hupandishwa ukutani, na kwenye pembe huongezewa kitambaa chake maalumu. Ukishakauka, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sentimita chache, yaache saa 24, kisha shuka chini ukaitazame dari. Jaribio hili hugharimu maji tu. Fundi akikwambia halina haja, usimruhusu aanze kupanga vigae.

Dhana: kigae kikubwa kinafaa kila mahali.

Ukutani kinapendeza na mistari ya grauti hupungua. Sakafuni penye kuogea ni habari nyingine. Sakafu hiyo inahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na tundu likiwa katikati, sakafu inateremka kutoka pande nne. Kigae kikubwa hakipindiki, kwa hiyo itabidi kikatwe vipande au maji yatuame. Kama unakipenda, weka mfereji mwembamba mrefu kando ya ukuta ili sakafu iteremke upande mmoja tu. La sivyo, tumia vigae vidogo, ambavyo kwa wingi wa mistari yake hushika unyayo vizuri zaidi.

Na utelezi usiupime kwa kupapasa kigae kikavu dukani. Kuna daraja za A, B na C zinazopima utelezi kwa mtu aliye pekupeku kwenye maji, na kwa sehemu ya kuogea daraja inayofaa ni B au C. Wazee wetu wanaanguka bafuni, jamani. Hili si la kubana matumizi.

Dhana: bomba la mvua pana litatoa mvua popote.

Kila mita 1 ya kimo cha maji hutoa mgandamizo wa baa 0.1 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Tanki likiwa mita 4 juu ya kichwa cha bomba, unapata baa 0.4, na vichwa vingi vipana vinataka baa 1 au zaidi. Usipofunga pampu, utaoga matone. Ulizia hili kabla ya kununua.

Dhana: choo cha kuning'inia ukutani kitang'oka mnene akikikalia.

Kigezo cha Ulaya kinataka choo cha aina hiyo kihimili kilo 400. Uzito huo hubebwa na fremu ya chuma iliyofichwa ukutani, mradi ifungwe ipasavyo kwenye sakafu na ukuta imara.

Dhana: bafu la ndani, kuta laini zisizo na viungo na vidaka (vishubaka vya ukutani) vya kuwekea sabuni ni mitindo ya kuiga.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nenda Gedi, kusini mwa Malindi: katika magofu ya nyumba za mawe zilizojengwa karne nyingi zilizopita utaona vyoo ndani ya nyumba, na mahali pa kuchambia. Nenda Lamu, uone birika, yaani hodhi la maji, bafuni, ambamo watu walifuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Kuta zilisuguliwa kwa niru, lipu laini ya chokaa inayong'aa, bila kiungo hata kimoja. Leo tunauziwa lipu nyembamba ya simenti yenye sura kama hiyo, kwa bei ya juu, tukiambiwa imetoka ng'ambo. Si kitu kimoja: niru huacha ukuta upumue, hiyo nyingine hutegemea tabaka la kuziba juu yake, ambalo huchakaa na hutaka kurudiwa. Lakini jicho lililopenda ukuta mtupu, laini, mweupe, lilikuwa letu zamani.

Vidaka navyo mababu walivijenga ukutani, safu kwa safu. Ukiweka kimoja penye kuogea, kipakwe utando uleule wa kuzuia maji, na sakafu yake iinamie nje kidogo, maji yasilale chini ya sabuni.