NASA kubadili uongozi hakuzimi tahadhari za bahari: ufafanuzi kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Tangu mwaka huu uanze, ofisi yetu ya hali ya hewa imekuwa ikipokea simu ambazo si za kuuliza mvua wala upepo. Watu wanataka kujua kama ni kweli NASA, shirika la anga za juu la Marekani, imefilisika na utabiri ndiyo basi tena. Pale feri nilisikilizishwa klipu ya sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi. Msemaji anadai setilaiti zimezimwa, bahari itakuwa shwari wiki nzima, na kila nahodha arudi kusoma mawingu kama babu zake. Kwa kuwa msimu wa vimbunga haujafungwa, tumeona tuliseme hili hadharani.

Yaliyotokea Marekani ni haya. Bill Nelson aliondoka kwenye uongozi wa NASA Januari 2025, akakaimu Janet Petro. Jared Isaacman, tajiri aliyekwisha kwenda anga za juu, alipendekezwa kushika nafasi hiyo, jina lake likaondolewa mwishoni mwa Mei, Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy akaukaimu ukuu kuanzia Julai, kisha Isaacman akapendekezwa upya Novemba na Seneti ikamthibitisha Desemba. Watu wanne katika kiti kimoja ndani ya mwaka mmoja. Wakati huohuo Ikulu yao ilitaka bajeti ya 2026 ishuke kutoka takriban dola bilioni 24.8 hadi 18.8, na fedha za sayansi zipunguzwe karibu nusu. Januari 2026 Bunge lao likakataa sehemu kubwa ya makato hayo na kupitisha takriban bilioni 24.4. Kilichofutwa ni mpango wa kuleta duniani sampuli za mawe ya Mirihi, ambazo roboti ya Perseverance imekuwa ikizikusanya tangu 2021. Mawe yapo, wa kuyafuata hayupo.

Mirihi haituhusu sana huku Shangani, Mtwara. Linalotuhusu ni kwamba picha ya mawingu mnayoiona kwenye taarifa ya habari haitoki NASA. Hutoka kwenye setilaiti ya Meteosat ya EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao Darmstadt, Ujerumani. Setilaiti hiyo imesimama juu ya Bahari ya Hindi, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, na hutuma picha kila dakika 15. Rada ya Mtwara nayo ni mali yetu wenyewe, imefungwa hapahapa. Nimeyaeleza haya redioni mara nyingi, nitayarudia.

Hata hivyo nisiwafiche. Zipo setilaiti za Marekani tunazozihitaji, na huko ndiko wasiwasi ulipo. Picha ya kawaida huonesha mgongo wa wingu tu. Kimbunga kikifunikwa na mawingu mazito, hasa usiku, huwezi kujua kitovu chake kiko wapi bila vyombo vya mawimbi ya maikrowevu vinavyopenya wingu na kuona mvua iliyo chini. Baadhi ya vyombo hivyo vimo kwenye setilaiti za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Juni 2025 ilitangazwa kwamba data zake zingekatwa mwisho wa mwezi uleule. Wataalamu wa vimbunga wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa, baadaye ikasemwa zitaendelea hadi Septemba 2026. Msimu wetu mpya unafunguka Novemba. Setilaiti nyingine zipo, lakini kila moja ikipungua, muda kati ya picha moja na inayofuata unarefuka, na kimbunga hakisubiri. Terra na Aqua za NASA, zilizorushwa 1999 na 2002, nazo zilikuwa kwenye orodha ya kufungwa. Zimezeeka kweli, lakini zina kumbukumbu ya joto la bahari ya miaka zaidi ya ishirini, na kumbukumbu ikikatika huwezi kurudi nyuma kuipima.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo upotoshaji unapoanzia. Vimbunga vya upande wetu wa bahari hufuatiliwa na kituo cha kanda kilichopo kisiwani Réunion. Watabiri wetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huchambua taarifa hizo pamoja na vipimo vya hapa nchini, kisha hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, au tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Chini huandikwa “uwezekano wa kutokea: wastani, kiwango cha athari: wastani”. Maneno hayo hayana maana kwamba tunabahatisha. Ni vipimo viwili tofauti: cha kwanza ni jambo lenyewe kutokea, cha pili ni madhara yake likitokea. Taarifa hupelekwa kwa kamati za maafa za mkoa na wilaya, bandarini, na kwa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Na. 2 ya 2019, tahadhari za hali mbaya ya hewa hutolewa na TMA, si na mwenye simu yenye kifurushi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo mtandaoni huku akijua ni za uongo na kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Hatupendi kufika huko.

Najua lawama ya kimbunga Kenneth bado ipo. Aprili 2019 Mtwara ilipewa tahadhari, kimbunga kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na mpaka leo naambiwa tuliwatisha watu bure. Waulizeni ndugu zenu wa Msumbiji kama ilikuwa bure. Mei 2024 alikuja Hidaya, nje ya miezi iliyozoeleka, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga.

Taarifa ya bahari hutoka kila siku. Mwenye klipu ile aifute.