Je, wajua kwa nini picha za sakafuni za Warumi hazikufutika kwa kukanyagwa?

Mnamo Oktoba 1831, wachimbaji wa mji wa kale wa Pompeii, nchini Italia, walikuta picha ya vita katika sakafu ya jumba kubwa linaloitwa leo Nyumba ya Fauno. Humo Aleksanda Mkuu anamkabili Dario, mfalme wa Uajemi, aliyesimama juu ya gari la farasi. Picha hiyo, yenye upana wa zaidi ya mita 5, ilitengenezwa takriban mwaka 100 KK, kwa hiyo ilikuwa imekanyagwa kwa vizazi kadhaa kabla mlima Vesuvius haujaufukia mji kwa majivu mwaka 79.

Siri ya kwanza ni kwamba hakuna rangi iliyopakwa. Picha nzima imepangwa kwa vipande vya mawe zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa havifiki milimita 5, na kila kipande kina rangi yake ya asili hadi ndani, hata kikilika juu, kinachojitokeza ni rangi ileile. Fundi alitegemea hasa nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi pamoja na vivuli vyake, lakini hofu iliyo machoni mwa Dario inaonekana wazi; kwangu mimi, huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote.

Siri ya pili imefichwa chini. Vitruvius, mjenzi Mroma wa karne ya kwanza KK, aliandika kwamba sakafu ianze kwa mawe ya kujaza kiganja, kisha kokoto zilizochanganywa na chokaa na kushindiliwa kwa magogo na kundi la watu, halafu tabaka la vigae vilivyopondwa na chokaa, mchanganyiko ambao huganda imara hata penye unyevunyevu. Fundi wa pwani yetu angeitambua mara moja kazi hiyo ya kusakifu. Si kila sakafu ya Kirumi ilifuata vipimo vyake vyote, ila tabaka hizo ndizo zilizozuia vipande vya juu visititie wala kupasukapasuka.

Hata hivyo vipande viling'oka, na katika picha hiyo ya vita vimo viraka vilivyotiwa na mafundi wa zama hizohizo. Mwaka 1843 ilihamishiwa Naples, iliko hadi leo ndani ya makumbusho, na anayeitembelea Nyumba ya Fauno sasa huona nakala iliyowekwa mwaka 2005.